Ujumbe Ulifika

Nasimiyu, mama yangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua. Uko Kenyatta Market tangu saa nne, umekaa kwenye stuli, wasichana wawili wanakusuka, na umenipigia simu kusema kwamba hizo nywele za kwenda Kigali hazitaisha kabla ya saa kumi na moja. Yangu utaijua ukimaliza kusoma. Nimepata mchana mzima peke yangu ndani ya nyumba yetu hapa Riruta. Begi lako liko mlangoni limeshafungwa. Nimechukua lile daftari lako la zamani lenye kurasa zilizobaki, kwa sababu jambo ninalotaka kukuambia nimejaribu kulisema kwa mdomo mara nyingi, na kila mara limegeuka kuwa jambo lingine. Juzi nilianza vizuri, ukaacha kukunja nguo ukanitazama, nikaishia kukuuliza kama umenunua soksi.

Sitaandika juu ya soksi. Sitaandika juu ya pasipoti, wala watu wa mpakani, wala namna ya kukaa na wenzako kwenye chumba kimoja. Hayo umeyapanga kuliko mimi. Ninaloandika ni juu ya siku aliyofariki mama yako. Na ni juu ya ile barua uliyowaandikia watu wa chuo kuomba nafasi, ile uliyonisomea hapa mezani, nikatoka nje katikati nikisema moshi wa jiko umeniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa, Nasimiyu. Sijui kama uliona.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Unajua niliacha shule darasa la saba. Usilolijua ni kwamba hata hapo nilidanganya. Nilimwambia mama yako kabla sijamwoa, na nikakwambia wewe pia, kwamba karo ilikosekana. Karo ilikuwepo. Kukhu wako, yaani mama yangu mzazi, yule uliyepewa jina lake na ndiyo sababu nakuita mama, aliuza ndama wake wa pekee. Nilikuwa nimerudia darasa mara mbili, nikawa mrefu kuliko mwalimu, watoto wakaniita Kaka Mlingoti. Nikatoroka. Kukhu wako alibaki bila ndama, na mtoto hakusoma. Nakwambia hili la kale kwanza ili ujue ugonjwa wangu ulianzia wapi. Wanaume wengine hutawaliwa na pombe. Mimi natawaliwa na aibu. Mtu akinicheka, naweza kufanya jambo lolote baya ili asinicheke tena.

Nairobi nilichimba mitaro ya nyaya kando ya Naivasha Road. Kisha nikabeba ngazi za mafundi miaka mitatu, halafu Kariuki, fomeni wetu, akaona nina mikono mirefu akanipandisha darini. Tangu hapo maisha yangu yamekuwa kuvuta waya ndani ya majengo ya watu. Ndiyo maana shingo yangu hainyooki asubuhi. Mwisho tukapata kazi ya lile jengo la Westlands.

Umeniuliza mara nyingi jinsi jengo lile lilivyofanya kazi, nami nimekujibu kwa mkato. Ulidhani sipendi kukumbushwa. Ni kweli, ila si kwa sababu uliyodhani. Leo nitakueleza, maana wewe unaenda kuyasomea mambo ambayo mimi nimeyashika kwa mikono bila kuyasoma.

Mwenye jengo hakutaka jengo la kubonyezwa swichi. Alitaka jengo la kuzungumza nalo. Kila chumba tuliweka maikrofoni juu, vidude vidogo vya mviringo kama vifungo vya koti, na kazi yake ni kujua nani anaongea na ameketi upande gani. Tuliweka kamera inayogeuza shingo kumfuata anayesema. Kando ya kila mlango skrini, kila kipande cha dari spika yake. Nyaya zote zikashuka hadi chumba kimoja cha chini chenye baridi kama friji, ambako mashine zilipangwa kwa safu. Injinia walisema ni akili mnemba, sisi tulisema ubongo. Mtu akiingia, kamera imtambue, skrini iandike jina lake, taa ziwake mbele yake, lifti ijue anakwenda ghorofa gani. Akisema, tuanze mkutano, mapazia yashuke na wenzake walioko nchi nyingine watokee ukutani, wakubwa kama walivyo.

Nasi mafundi wa mjengo mzima tulikuwa kama watoto. Siku ya kwanza ile sauti iliposhuka kutoka juu ikasema karibuni, sisi tuliojaa vumbi la jasi hadi kwenye kope tulivua helmeti kama tuko kanisani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tamu, isiyo na haraka. Ochieng, yule niliyekuwa navuta naye waya, akasema, "Madam amefika, simameni vizuri." Jina likabaki Madam.

Madam hakuniweza jina. Tulipoandika Barasa, alisoma Baraza. Kompyuta ilijua neno baraza, haikulijua jina la babu zangu, ikaona nimekosea kuandika jina langu mwenyewe, ikanisahihisha. Walicheka siku nzima. Kuanzia hapo nikawa Baraza, hata kwa soja wa geti. Na la nyumbani hawakulijua kabisa. Sikuwa mtu wa kutaja mke na mtoto kazini. Mjengo ule hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nina binti, wala kwamba anaitwa Nasimiyu. Lishike hilo.

Wiki za mwisho kazi ilikuwa kujaribu spika. Mtu mmoja aliketi mapokezi, akaandika maneno, Madam akayasoma ghorofa zote, nasi huku juu tukasikiliza kama spika ya upande wetu inakwaruza. Ilipaswa kuandikwa moja, mbili, tatu. Lakini nani ataandika moja mbili wiki nzima? Vijana wakaanza mizaha. Madam akatangaza kwamba landilodi wa Ochieng ako kwa geti na hasira. Akatangaza kwamba tumbo ya Kariuki imefika kazini mbele ya Kariuki. Kariuki mwenyewe alicheka hadi akakaa chini. Na utamu wake ulikuwa kwamba Madam alisema yote kwa adabu, hakuna neno alilolisema tofauti na lingine.

Jumanne akasema, "Baraza, bibi yako ako mapokezi na chapati."

Mama yako alikuwa mgonjwa tayari. Miguu ilikuwa imevimba, unakumbuka. Nilidhani amejikokota hadi Westlands. Nikashuka ghorofa tisa kwa miguu, maana lifti ilikuwa ya wageni, nikafika chini nikihema, na mapokezi hakukuwa na mama yako. Walikuwepo vijana watatu wameshika mbavu, na pamoja nao injinia wa mwenye jengo, kijana wa suti, umri wa kuzaliwa na mimi. Akauliza wanacheka nini. Wakamwambia. Akanitazama kutoka helmeti hadi buti, akasema, "Kumbe mzee anapenda chapati kuliko kazi." Wakacheka upya. Nami nikacheka nao, mama. Nilicheka mpaka jasho likanitoka, na nilipokuwa nikipanda zile ngazi nikaapa kwamba sitashuka tena kwa ajili ya Madam, aseme atakalosema.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mama yako alifariki Alhamisi.

Alhamisi asubuhi aliketi kitandani ameegemea ukuta, kwa sababu akilala pumzi zilimkataa. Nilikuwa nafunga buti. Akasema, "Baba Nasimiyu, baki leo." Basi. Hakuwa mtu wa kuomba jambo mara mbili, hata wewe unajua. Nikamwambia nikikosa siku moja kuna watu getini wanaosubiri nafasi yangu. Ilikuwa kweli. Nimegundua kwamba ukitaka kumwacha mtu, ukweli hufaa kuliko uongo, kwa sababu hana la kukujibu. Nikaondoka. Simu, kama kawaida, tukaziacha kwenye sanduku la soja, kwa kuwa mwenye jengo hakutaka picha zipigwe.

Uliyoyapitia wewe ulinieleza mwenyewe jioni ile, na sijayasahau. Majirani wamempeleka mama yako hospitali, ameuliza kwa nini sijafika, ukapiga simu haipokelewi, akakwambia, kamlete baba yako. Ukaja Westlands. Soja akakuzuia kupanda kwa sababu huna helmeti. Msichana wa mapokezi akakuonyesha ile skrini iliyosimama, akakwambia sema unamtaka nani. Ukasema Barasa. Skrini ikaandika Baraza, hakuna mtu wa jina hilo, maana kwenye orodha nilikuwa bado Barasa. Ukasema tena. Hakuna. Ndipo yule msichana akakusogezea kiti chake, akakwambia andika unavyotaka, itasomwa juu. Ukaandika kama mama yako alivyozoea kuniita.

Ilikuwa kama saa nne na nusu. Nilikuwa ghorofa ya tisa, kichwa ndani ya dari, Ochieng upande wa pili wa ukumbi, tukivuta waya mnene wa skrini kubwa. Kuvuta waya kuna sheria: mmoja anasukuma, mwingine anavuta, na mkishaanza hamwachi katikati, maana ukiachilia hujikunja ndani ya paipu na kuharibika. Kwa hiyo nilikuwa na sababu nzuri mikononi. Mtu akitaka sababu huwa haikosekani.

Madam akasema, "Baba Nasimiyu, unaitwa mapokezi. Ni haraka."

Spika ilikuwa shubiri moja kutoka sikio langu. Niliifunga mimi mwenyewe, siku tatu kabla. Haikukwaruza hata kidogo.

Ochieng akapaza sauti kutoka kule. "Nasimiyu ni nani sasa?"

Nikajibu, "Sijui."

"Labda ni wa hao wa rangi."

"Labda," nikasema. "Vuta."

Hayo ndiyo yaliyonirudia nikatoka nje siku ile uliponisomea barua yako. Nilisikia, Nasimiyu. Nilisikia mara ya kwanza, na ulipowasihi wakaita tena, nilisikia. Madam aliita mara nne. Mara zote kwa sauti ileile, kana kwamba anatangaza chai. Na nilijua si mzaha, kwa sababu aliyefanya mzaha angesema Baraza. Jina lako hakuna aliyekuwa nalo mjengoni ila mimi. Lilipotoka kwenye ile spika nililitambua. Nikasimama pale juu ya ngazi, nikijua kabisa kwamba kuna mtu wa nyumbani kwangu yuko chini, na nikamwambia Ochieng sijui.

Nimekaa miaka miwili nikijiuliza kwa nini. Sehemu moja ni ile aibu. Nikaona ile sakafu ya mapokezi inayong'aa, nikaona suti, nikasikia kicheko. Nikajiambia, nimalize huu waya, dakika ishirini. Waya ukaisha. Nikashika mwingine. Na sehemu nyingine, ambayo ni mbaya zaidi, ni kwamba niliogopa habari. Nilimwacha mama yako ameegemea ukuta. Nikiwa juu na sijashuka, alikuwa bado ameegemea ukuta, ameniambia nibaki. Nikishuka, angekuwa kitu kingine. Kule kwetu tulifundishwa, usikatae wito, kataa neno. Nenda usikie, kisha ukatae utakachoitiwa. Mimi niliukataa wito ili nisilisikie neno.

Nawe chini uliketi. Uliniambia kwa nini uliketi, na hapo ndipo panaponikata. Kila ulipotuma, skrini ilikuandikia: ujumbe umefika. Msichana wa mapokezi akakwambia, tulia, amesikia, anashuka. Ukangoja muda wa saa tatu. Ungerudi saa tano ungemkuta mama yako akiongea. Ungerudi saa sita ungemkuta. Ulirudi saa nane ukakuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Watu husema nilikosa kumuaga mke wangu. Ni kweli, na hilo ni langu, nitalibeba. Lakini nilichukua na zamu yako ya kumuaga. Hilo hakuna anayelijua ila mimi, na sasa wewe.

Aliyenishusha ni Mama Brayo, yule mama wa usafi. Alikuja na ndoo yake saa nane, akasimama chini ya ngazi yangu. Hakuniita. Alishika mguu wangu wa suruali akavuta. Nilipoinama akasema, "Wewe ndiye Baba Nasimiyu?" Kwake yeye sikuweza kusema sijui. Akasema, "Msichana wako amelia huko chini mpaka amerudi hospitali kwa mama yake. Shuka, baba."

Nilikukuta nje ya wodi, umekaa kwenye benchi, viatu vya mama yako mapajani. Ulinitazama. Hukulia. Ukaniuliza, "Papa, hukusikia?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Nikasema, "Spika za ghorofa ya tisa zilikuwa hazijaunganishwa."

"Lakini ile skrini iliniambia ujumbe umefika."

Nikasema, "Ilikudanganya."

Ukainamisha kichwa ukaniegemea begani, ukaanza kulia. Nami nikakushika, mama, na nikahisi nafuu. Sitakuficha hata hilo. Mama yako amelala ndani, na mimi nikahisi nafuu kwa sababu binti yangu ananiamini.

Tulipomsafirisha kwenda kumzika, ulilisimulia kwa shangazi zako, wakalaani jengo. Kijiji kizima kililaani jengo. Ochieng alikuja na wenzake kutoka kazini. Mchungaji alipokuita usome wasifu wa marehemu, akasema, sasa tumpe nafasi Nasimiyu, nilikuwa namtazama Ochieng. Aliinua kichwa taratibu. Akakutazama wewe, akanitazama mimi. Baadaye alinipa mkono, ila mkono wenyewe haukubana. Tuliporudi alihamia kwa fomeni mwingine huko Kinoo, na tukikutana njiani hunisalimia kwa heshima sana, kama mtu asiyenijua.

Nilidhani uongo ule ungekaa pale ulipo, kama jiwe shambani, tuuzunguke tukilima. Kumbe ulikuwa mbegu. Ulianza kuniuliza juu ya spika, ukaomba nikuletee zilizoharibika, ukazifungua juu ya meza hii. Ukajifunza kwenye simu. Majirani wakaanza kukuletea redio. Nami nilifurahi. Baba gani asiyefurahi mtoto akipenda kazi yake? Mpaka siku ile uliponisomea barua.

Uliandika kwamba jengo lilimwambia msichana ujumbe wake umefika, kumbe huko juu hakukuwa na spika. Uliandika kwamba unataka kujenga majengo yasiyosema uongo. Ukaeleza wazo lako: kila spika ikisema, maikrofoni iliyo karibu nayo iisikilize, iuambie ubongo kwamba sauti kweli imetoka, ndipo skrini iandike imefika. Ni wazo zuri. Hata mimi wa darasa la saba niliona ni zuri. Wamekupa nafasi kwa wazo hilo, na wametaka wakuone Kigali.

Lakini, Nasimiyu, jengo halikudanganya. Ujumbe ulifika. Ungeweka maikrofoni kumi pale, zote zingekwambia umefika, nawe ungengoja saa tatu zilezile. Unaenda kutibu ugonjwa ambao haukuwepo, kwa sababu mimi nilikuonyesha mahali pasipouma.

Ndiyo maana siwezi kukuacha uondoke hivi. Ningeweza kuishi na uongo wangu, nimeishi nao miaka miwili. Lakini siwezi kukuona unajenga maisha yako yote juu yake.

Nikuambie ninayoyajua, uyapime huko kwa wenye vitabu. Sisi tuliodhani Madam anazungumza na watu tulikosea. Alikuwa anasema tu. Kuzungumza ni pale anayesema anapojua kwamba amejibiwa. Jengo lile lilikuwa na masikio mia, na hakuna hata moja lililotegwa kusikiliza kama mtu aliyeitwa ameitikia. Lingesema, Baba Nasimiyu, umesikia? Likanyamaza, likangoja. Nisingeweza kunyamaza, Ochieng akiwa pale. Au lingenionyesha uso wako. Kamera ilikuwepo chini, mbele yako, na skrini ilikuwepo mlangoni, mita mbili kutoka ngazi yangu, inang'aa bure, ikionyesha picha ya maua. Waya wake niliuvuta mimi. Kukhu wako alitukataza kuitikia sauti ya usiyemwona. Alikuwa anaogopa majini. Mimi siogopi majini, lakini nakwambia, sauti isiyo na uso ni rahisi kuikana. Ningeuona uso wako ule wa Alhamisi, ningeruka kutoka juu ya ile ngazi. Naamini hivyo. Siwezi kuapa, lakini naamini.

Na kama mtu akikaidi, basi jengo limwambie anayengoja. Liandike: amesikia, hajajibu. Maneno hayo tu. Ungeyasoma pale mapokezi, ungejua una baba wa aina gani, ungenikasirikia, ungegeuka ukarudi kwa mama yako. Ungemkuta. Nimeyaandika hayo maneno mawili kwa kalamu kwenye ukuta wa chumba cha chini cha kila jengo nililofanya kazi tangu siku ile, nyuma ya mashine, mahali ambapo hakuna mtu atakayesoma. Hiyo ndiyo toba niliyoiweza mpaka leo. Ni toba ya mtu mwoga.

Tena muwasikilize akina Mama Brayo mnapopanga hayo majengo. Madam hakumtambua hata siku moja. Skrini ilimwandikia kila anayeingia karibu fulani, yeye akipita na ndoo skrini ilibaki nyeupe, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpiga picha ya uso. Na ndiye aliyefikisha ujumbe.

Sikuombi unisamehe leo. Kuomba msamaha mtu akiwa na tiketi mkononi ni kumfunga kamba. Ninachokuomba ni ukifika huko uwaeleze walimu wako hadithi kama ilivyokuwa, hata kama itabidi useme, baba yangu alikuwa mwongo. Sema tu. Mimi nimeshachekwa kwa mambo madogo kuliko hilo, na kuogopa kuchekwa ndiko kulikotufikisha hapa.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuificha barua hii ndani ya begi, chini ya sweta, uisome basi likiwa limepita Webuye. Nilijiambia ni vizuri uisome ukiwa karibu na alipolala mama yako. Haikuwa hivyo. Nilitaka uisome ukiwa mbali nami. Nilitaka kusema nisijibiwe. Asubuhi niliziweka kurasa mbili za kwanza humo, nikafunga zipu, nikaketi, kisha nikaifungua nikazitoa.

Nitakupa mkononi. Nitaketi kwenye kiti hiki mpaka umalize, na sitatoka nje kusema habari ya moshi. Ukitaka kuniuliza, uliza, hata swali lililo baya kabisa. Ukitaka kunipigia kelele majirani wa ploti nzima wasikie, na wasikie. Ukinyamaza, nitakaa na kimya chako. Na ukiona kesho ni heri usindikizwe na shangazi yako, begi nitakubebea hadi getini tu, na sitakulaumu, wala sitamwambia mtu sababu nyingine yoyote ila hii.

Saa kumi na moja imepita. Nasikia geti la ploti. Unamwambia mama wa duka kwamba kichwa kinakuuma, hata kulala leo utalala umekaa, naye anakujibu kitu nisichokisikia, na umecheka. Umecheka kwa muda mrefu. Nimeacha kalamu kidogo nikusikilize, maana sijui lini nitakisikia tena kicheko hicho kikiwa hakina habari yangu ndani yake.

Sasa ni viatu vyako kwenye veranda. Umeniita. Naja kukufungulia.

Papa